Magari Yaliyomodifaiwa na Yale Tunayoyaamini Mwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi ni fundi umeme wa magari, Nyakato. Gari langu ni Subaru Forester ya turbo (feni inayoisukumia injini hewa zaidi), iliyoshushwa kidogo. Rimu si zake, ekzosi si yake. Kwa hiyo maswali haya yananifuata pande zote mbili: kwa mteja anayeleta gari lake, na kwa mama wa nyumba ya pili anayenikunjia uso nikiwasha langu alfajiri. Nimechoka kujibu yale yale nikiwa nimelala chini ya dashibodi, tochi mdomoni. Nimeyaandika hapa kama yalivyonijia.

Gari lililomodifaiwa si ni la wahuni tu?

Simama nusu saa pale Buzuruga uangalie yanayopita. Ile Probox ya mchomoko inayopakia abiria wa Magu imewekewa springi nene nyuma, isije ikakaa chini ikibeba watu wanane kwenye gari la watu watano. Lile shangingi la mradi lina ngao mbele, keria juu, taa nne za ziada na bomba la kuvutia hewa lililopanda mpaka usawa wa paa. Ile Fuso inayotoka mwaloni wa Kirumba imeongezewa karatasi za springi, na bodi yake imepandishwa kwa mbao hata ukiitazama kwa nyuma unaona ghorofa inatembea. Yote hayo hayakutoka kiwandani hivyo. Yote yamechezewa. Mhuni ninaitwa mimi mwenye rimu.

Na kwa kuwa tumeitaja Fuso, ngoja niseme kidogo, maana hakuna anayeniuliza habari zake. Gunia la dagaa wakavu ni kubwa kwa umbo lakini si zito sana. Mwenye mzigo haoni kwamba gari limejaa mpaka gunia la mwisho lifungwe kwa kamba huko juu, na bodi inapandishwa kwa sababu hiyo hiyo. Uzani kwenye mizani unaweza kuwa halali kabisa. Tatizo ni kwamba uzani huo umehamia juu. Gari ambalo mzigo wake uko chini likiingia kona kwa haraka litateleza au litalalamika matairi; lile lenye mzigo juu linalala. Ukiongeza springi ngumu ili lisikae, umeliinua zaidi. Kwa macho yangu ya kifundi hiyo ndiyo modifikesheni ya hatari kuliko zote zinazozunguka mji huu, na haina hata stika moja.

Kwa nini vijana wa Subaru wana fujo?

Wengine wana fujo, sikatai. Lakini ile sauti ya kunguruma kwa kukatikakatika, dug-dug-dug, ambayo watu huichukua kama dalili ya fujo, ilitoka kiwandani. Silinda za injini ya Subaru zimelala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na kwenye zile za turbo za zamani mabomba yanayokusanya moshi kutoka pande mbili hayana urefu sawa. Moshi unafika kwenye bomba kuu kwa zamu zisizolingana, ndipo unasikia mapigo yale. Dereva anaweza kuwa mwinjilisti, gari litanguruma vile vile.

Jambo dogo la pembeni: Subaru ni jina la Kijapani la nyota zile zinazokaa pamoja kama kifaranga na wenzake, ambazo sisi tunaziita Kilimia kwa sababu wazee walizitazama kujua majira ya kulima. Ndizo zile nyota kwenye nembo ya gari. Kwa hiyo kijana anayenguruma na Subaru barabara ya Pasiansi anaendesha Kilimia. Mwambie hivyo, atafurahi.

Ekzosi kubwa inaongeza nguvu?

Inaongeza kelele, hilo halina ubishi. Nguvu ni suala jingine. Kwenye injini ya turbo, bomba pana lililopindwa vizuri baada ya turbo linaweza kusaidia kweli, hasa kama kompyuta ya gari nayo imerekebishwa iendane nalo. Kwenye IST au Vitz isiyo na turbo, ukikata sailensa ukachomelea bomba nene kama la maji, mara nyingi gari linakuwa zito kuondoka kwenye mwendo mdogo. Moshi kwenye bomba pana kupita kiasi unapoteza kasi, na kasi ile ndiyo ilikuwa inasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Dereva anasikia kelele, mwili unasisimka, anaapa gari limekuwa jepesi. Muwekee saa mkononi apande mlima wa Bugando kabla na baada.

Mimi mwenyewe nililiamini hili. Mwaka ule nimemaliza kutoa ng'ombe wa mahari, nilikwenda ukweni Magu nikiwa nimetoa sailensa wiki moja kabla. Sijafika hata kwenye mwembe wa mbele ya nyumba, mbwa wamekimbia, kuku wako juu ya banda. Nikazima, nikashuka, nikainama: "Mwangaluka, baba." Baba mkwe akaitikia, akanipa mkono, kisha akalizunguka gari taratibu mikono nyuma. Akaniuliza kwa upole wa kweli, "Limeumia njiani?"

Nikasema ndiyo, baba, limeumia. Sailensa ilirudi Jumatatu.

Nimeambiwa nitoe masega, yanakula mafuta. Kweli?

Masega, ile katalisti iliyo kwenye bomba la moshi, yakiziba kweli gari linakosa pumzi, na hapo yanatakiwa kubadilishwa. Yakiwa mazima hayakuli mafuta yoyote ya maana. Kazi yake ni kuugeuza moshi wa sumu kuwa wenye madhara madogo zaidi. Yametengenezwa kwa madini ya thamani, platinamu na ndugu zake, na hayo yana soko. Kwa hiyo fundi akisisitiza sana kuyatoa, halafu akakuambia uyaache tu hapo gerejini kwa kuwa ni takataka, muulize takataka hiyo anaipeleka wapi.

Nchi yetu ya joto. Themostati ina kazi gani?

Swali hili ndilo lililonifanya nianze kuandika, kwa sababu uongo huu umeua injini nyingi kuliko mbio zote za vijana. Hadithi inasimuliwa hivi: themostati ni kwa ajili ya baridi ya Ulaya na Japani, sisi tuko karibu na ikweta, itoe. Inasikika kama akili.

Themostati ni mlango mdogo kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili ipate joto haraka. Yakikaribia nyuzi 80 na kitu, kutegemea injini, mlango unafunguka na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Joto hilo ndilo injini ilitengenezwa kufanyia kazi, iwe Sapporo au Sengerema. Joto la nje la nyuzi 28 liko mbali mno na 80. Ukitoa mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu unapowasha gari, injini haipati joto lake, kompyuta inafikiri bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi. Oili nayo haijalainika vizuri.

Kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato ya ndani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji haiendi kwenye rejeta kabisa, na siku ukipanda mlima umebeba watu gari linachemka. Mteja analalamika: nilitoa kitu ili lisichemke, sasa linachemka zaidi! Ndiyo.

Kama gari lako linachemka, sababu iko mahali: rejeta imeziba, feni haifanyi kazi, mfuniko wa rejeta umelegea, pampu ya maji imekwisha, au silinda hedi imekwenda. Itafutwe. Na hayo maji ya bomba unayojaza kila asubuhi, ndani yana kutu kama chai ya rangi. Kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, si anasa: inachelewesha kuchemka na inazuia kutu.

Spoila inafanya gari likimbie?

Hapana. Spoila inayofanya kazi inalikandamiza gari chini ili matairi yashike barabara kwenye kona za kasi kubwa. Tena nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwenye kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho ulioruhusiwa kwenye makazi, bawa lako linapata moja ya tisa tu ya kile ambacho lingepata kwenye 150. Na kama gari lako linaendeshwa na matairi ya mbele, kama IST, bawa la nyuma linakandamiza matairi yasiyovuta.

Weka kama unalipenda. Mimi napenda nyumba yenye maua na sijawahi kuuliza maua yanaongeza vyumba vingapi.

Na stika?

Nguvu za farasi watano kila moja. Natania.

Gari ambalo kishale kinafika 260 ni kali kuliko la 180?

Magari mengi tunayopanda hapa ni mtumba wa Japani, na watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kuyafunga magari ya soko la nyumbani yasipite kilomita 180 kwa saa. Ndiyo maana dashibodi zao nyingi zinaishia 180, liwe gari dogo au kubwa. Nissan Skyline GT-R, gari ambalo vijana dunia nzima wanaliota, lilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280 na bado lilitoka na dashi ya 180. Hata hiyo 280 ilikuwa makubaliano: kwa miaka mingi, hadi 2004, hakuna kampuni ya Kijapani iliyotangaza zaidi ya hapo, ingawa injini nyingine zilikuwa na zaidi. Kwa hiyo namba za dashi ni maandishi tu. Muuzaji anayekubadilishia dashi ya 180 na kuweka ya 260 amekuuzia saa ya ukutani.

Na ukibadilishiwa dashi, jiulize kilomita zilizotembewa zimekwenda wapi.

Nataka kushusha gari. Fundi amesema atakata springi, bei nafuu. Nimruhusu?

Usimruhusu. Nilikata mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na miaka ishirini na tatu na Corolla ya kukopeshwa na binamu. Nilikata duara moja na nusu kwa grainda. Gari likakaa vizuri, nikapiga picha Capri Point ziwa likiwa nyuma. Siku ya nne nikapanda njia ya mawe ya kwenda kwa rafiki upande wa Isamilo. Mnaojua Mwanza mnajua: hapa jiwe haliko kando ya njia, njia ndiyo imepita juu ya jiwe. Nikasikia kishindo kimoja tu, kifupi, kama mtu amegonga sufuria. Nikaendelea. Nilipogeuka kuangalia nyuma, kulikuwa na mstari mweusi wa oili unanifuata mlimani kama mkia. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa imepasuka kwa urefu wa kidole.

Hiyo ni sampu, na sampu inanunuliwa. Kibaya zaidi sikukiona. Springi ikikatwa inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, na inakuwa fupi. Tairi likining'inia, kwa mfano ukiruka tuta au ukipiga jeki, springi inaweza kulegea na kutoka kwenye kikalio chake. Shokapu nayo ilipimwa kwa urefu wa zamani, sasa inagonga mwisho wake kila shimo mpaka inavuja. Ukitaka kushusha, nunua springi fupi zilizotengenezwa hivyo pamoja na shokapu zake, na ushushe kidogo. Langu limeshuka sentimita tatu, na bado kuna mitaa ya Mabatini sipeleki.

Rimu kubwa je?

Zinapendeza. Zinafanya gari liwe zito kugeuka na kusimama, na ubavu wa tairi unakuwa mfupi, hivyo shimo ambalo zamani lingekushtua sasa linakupindia rimu. Kama rimu mpya na tairi lake kwa pamoja ni kubwa kuliko za awali kwa asilimia 5, kishale kikisema 80 wewe uko 84, na trafiki wa barabara ya Musoma anasoma tochi yake, si dashi yako.

Angalia zaidi umri wa tairi. Watu wananunua rimu za inchi 18 kwa pesa nyingi halafu wanazivisha matairi ya mtumba yaliyozeeka. Ubavuni mwa tairi kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016. Meno yanaweza kuwa mazima na mpira umekauka kama kandambili iliyosahaulika juu ya bati.

Taa nyeupe kali zinaonesha vizuri usiku?

Zinakuonesha wewe vizuri kwa wengine, kama ajali inayokuja. Taa ya gari ni balbu na kioo chake cha nyuma, na kioo kile kimepindwa kwa kuhesabu mahali hasa uzi wa balbu ya kawaida unapokaa. Ukichomeka taa ya aina nyingine kwenye kioo kile kile, mwanga hautoki kama ulivyopangwa: unatawanyika juu, unaingia macho ya anayekuja, na mbele yako unabaki na weupe wa karibu tu. Ukivuka tuta unadhani unaona sana kwa sababu kila kitu kinang'aa. Mtu anayetembea kando ya barabara humwoni.

Zile zenye rangi ya bluu ni mbaya zaidi kwenye mvua. Barabara iliyolowa inazimeza.

Balbu za wati 100 kwenye gari lililoundiwa wati 60 ni kosa jingine, na hili naliona kila mwezi: soketi imeyeyuka, waya umekuwa mweusi, swichi ya usukani inanuka. Kabla hujabadilisha chochote, nunua dawa ya kung'arisha vioo vya taa. Vioo vya plastiki vilivyopauka kwa jua vinaiba mwanga kuliko unavyodhani. Kazi ya nusu saa.

Muziki mnene unaweza kuunguza gari?

Muziki hauunguzi. Waya unaunguza. Amplifaya kubwa inavuta umeme mwingi, hivyo waya wake mnene unatoka moja kwa moja kwenye betri, unapita kwenye tundu la bati kuingia ndani. Bati likila ngozi ya waya kidogo kidogo kwa mtikisiko, siku moja chanya inagusa bodi. Kama karibu na betri kuna fyuzi, inakatika na wewe unakosa muziki. Kama hakuna, betri nzima inajimwaga kwenye waya ule.

Fungua boneti sasa hivi. Fuata waya wa bufa kutoka kwenye betri. Ukitembea urefu wa mkono mmoja hujaona kifuko cha fyuzi, au unaona kimefungwa waya wa shaba mahali pa fyuzi, chomoa leo.

Usukani mdogo wa mbio ni mzuri?

Ule mkubwa una erbegi ndani, huo mdogo hauna. Ukiubadilisha, taa ya erbegi inawaka kwenye dashi, na hapo ndipo fundi mjanja anaweka rezista ya shilingi mia chache ili kompyuta idanganyike na taa izime. Mimi siweki. Nimeombwa mara nyingi, na wateja wawili nimewapoteza kwa hilo. Anayekuja kulinunua gari lile kesho ataona taa imezima, ataamini ana mto wa hewa mbele ya kifua chake.

Gari la fobai haliwezi kuteleza, si ndiyo?

Linaondoka vizuri kwenye tope, kwa sababu matairi manne yanavuta. Kusimama ni habari nyingine: kila gari, hata Passo, lina breki kwenye matairi manne. Fobai tena ni zito zaidi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ikiwa na vumbi na oili, utakuta lililoingia mtaroni ni Prado, kwa kuwa mwenye Passo aliogopa.

Kushuka mlima na gia huru kunabana mafuta?

Wazee wa magari ya zamani ya kabureta walikuwa na hoja. Gari la kisasa lenye nozeli ukiachia pedali likiwa kwenye gia, matairi ndiyo yanayozungusha injini, na kompyuta inafunga mafuta kabisa. Ukiweka huru, injini haina wa kuizungusha, inabidi inywe mafuta ili isizime. Kwa hiyo unatumia zaidi, na breki peke yake ndiyo inashikilia gari lote kutoka Bugando mpaka chini. Wanaozima kabisa injini, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili. Halafu jiwe.

Ukikaa karibu na ziwa gari linaoza kama la Dar?

Hapana, na hili linawashangaza wengi. Kinachokula bati la pwani ni chumvi iliyomo hewani. Ziwa Victoria ni maji baridi, hayana chumvi hiyo. Gari lililozeekea Kirumba kwa kawaida lina bati zima kuliko la umri wake lililozeekea ufukweni Dar au Unguja. Ukiona kutu nyingi chini ya gari la Mwanza, uliza limetoka wapi. Linaweza kuwa limetokea Dar, au limekuja kutoka Hokkaido na kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji. Kabla hujalipa, lala chini uangalie.

Ila usilipeleke ziwani kuoshwa, kuingiza matairi kwenye maji kama ng'ombe. Maji yanaingia kwenye beringi za magurudumu na grisi inageuka kuwa maziwa. Oili yako nayo inabaki kwenye maji tunayokunywa. Sheria ya mazingira ya 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa.

Vitz na IST ni magari ya kike, Probox ni ya kiume?

IST ya cc 1,500, Probox ya cc 1,500 na Vitz RS zina injini moja, Toyota 1NZ-FE. Ile ile. Ile inayobeba watu wanane kwenda Magu na mizigo juu ndiyo inayompeleka dada kazini na mkoba kwenye kiti. Ukimsikia mwanaume anasema hawezi kuendesha IST, mwonyeshe boneti mbili zikiwa wazi umuulize ya kiume ni ipi. Wateja wangu wanaobadilisha oili kwa wakati, tena, wengi ni wanawake wa hizo Vitz.

Turbo haidumu?

Turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inaelea juu ya oili. Ipe oili safi kwa wakati. Ukitoka kukimbia au kupanda mlima mrefu, endesha taratibu dakika mbili kabla ya kuzima ili oili isiungulie ndani. Anayesema turbo haidumu, muulize oili alibadilisha lini. Atakutajia sikukuu.

Trafiki, kadi na bima vikoje?

Kadi ya gari ina namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Ukibadilisha injini au rangi, nenda TRA kadi irekebishwe, na utunze risiti ya injini. Usipofanya hivyo gari ni lako lakini karatasi zinasema vingine, na siku ya kuuza au ya ukaguzi utaeleza mpaka jua lizame. Namba ya chasisi haiguswi kwa sababu yoyote.

Bima ndogo ni lazima kwa kila gari. Kama una bima kubwa, waambie ulichobadilisha, kwa maandishi. Rimu na muziki ambao hukuutaja usitegemee kulipwa, na kwa injini uliyoificha wanaweza kukataa dai lote.

Nina pesa kidogo, nianze na nini?

Pedi za breki, matairi, wiper. Najua hukutaka jibu hilo.

Baba mkwe alisemaje mwishowe?

Alikuja gerejini msimu wa pamba na Hilux yake ya zamani. Alitaka iongezwe karatasi mbili za springi nyuma, honi ya lori, ngao, na taa mbili za juu za kuonea shambani. Nilimwambia, "Baba, hapo si tunaimodifai?"

Akanitazama kwa muda. "Hapana," akasema. "Hii tunairekebisha."

Taa niliziweka kwa relei na fyuzi yake. Honi nilimshauri apunguze, akakataa.